Unga Kwenye Miguu ya Nyuki

Nkende, Tarime
19 Mei 2024

Kwako kaka Sylvester,

Shikamoo kaka. Mnaionaje Dodoma na upepo wake wa mwezi wa tano? Wifi Gloria kifua chake kimetulia, au bado anakohoa asubuhi? Watoto nao wabusu kwa niaba yangu, waambie shangazi bado anawadai picha za kusimama bila kufanya vituko. Huku nyumbani tunamshukuru Mungu. Mvua haijakata, mama amevuna maharage na anayapepeta uani, na goti la baba, tata wetu, linamsumbua asubuhi tu, likipata jua linalegea. Mimi na studio yangu tupo. Watu wa pasipoti saizi hawakosi, na harusi zimeanza kurudi.

Barua hii nimeituma kwa basi badala ya kukupigia, usinifikirie vibaya. Kwenye simu wewe ni mtu wa kusema, "Nimekuelewa Robi, tutaongea," na mambo yanaishia hapo. Safari hii nataka nifike mwisho. Tena humu ndani kuna picha mbili, nimezibana katikati ya kadibodi zisikunjike. Zote ni za nyuki. Nitakueleza kila moja ilivyopigwa, lakini lazima nianze na ile Jumatano.

Jumatano ile nilikuwa namnyooshea mteja kola ya shati uliponipigia. Uliniambia nyuki wa kikundi cha tata wamekufa kule Nyambureti, nifunge kazi niende na kamera haraka kabla mtu hajaficha ushahidi. Sikuuliza ushahidi wa nini. Funguo nilimwachia Sheila, yule binti wa jirani yetu mzee Obura ambaye ananisaidia studio, nikapanda gari la Mugumu, kisha pikipiki. Mama aliponiona nikiingia na begi la kamera alishangaa. Aliuliza nani ameniambia, maana walikuwa bado hawajampigia mtu yeyote. Nikamjibu ni wewe. Aligeuka akaingia jikoni, na nikasikia anavunja kuni ambazo zilikuwa zimeshavunjwa.

Kule kwenye mizinga, kaka, ilikuwa huzuni. Nyuki wamelala chini kama maganda ya kahawa, wengine bado wanajizungusha kwa mgongo. Wanakikundi walikuwa wamefika wote. Mwenyekiti wa kijiji, Simoni, alikuwepo. Tata, mwenyekiti wa kikundi, alisimama pembeni ameegemea fimbo, na hakuna aliyethubutu kumpa pole kwa sauti. Macho ya watu hayakuwa kwa nyuki. Yalikuwa ng'ambo ya njia, kwenye nyanya za Obura, ambazo majani yake yalikuwa meupe kwa dawa ya unga aliyoinyunyiza wiki ile ile.

Unajua mwenyewe wanakikundi walivyokuwa na Obura. Nyuki walipomuua ndama wake mwaka jana, alisimama njiani akasema mbele za watu, "Hawa nyuki wenu, iko siku mtawalilia." Mtu akiongea hivyo kwa hasira maneno yake husahaulika, lakini akiwa ni Mjaluo aliyehamia kijijini kwetu, maneno yake yanatunzwa. Siku ile kila mtu aliyakumbuka. Na mimi niliyakumbuka, sitakuficha. Nilimwona Obura amesimama kwenye nyanya zake, mikono imening'inia, nikajisemea moyoni, huyu anajua.

Simoni aliniambia nipige picha ya karibu, ionekane kilichowaua. Nilifunga zile pete zangu ninazoweka kati ya kamera na lenzi, zile nilizonunua kwa ajili ya kupiga picha pete za maharusi na ambazo siku hizi nazitumia zaidi kupiga vunjajungu na vipepeo. Nikamlaza nyuki mmoja juu ya mfuniko wa mzinga, nikapiga magoti, nikapiga. Jua la mchana lilikuwa linamulika kioo cha kamera, sikuona vizuri. Nilichoona ni nyuki mweusi, na kwenye miguu yake ya nyuma vibonge viwili vyeupe pepe, na weupe mwingine mgongoni.

Simoni alinichukulia kamera mkononi. Akatazama, akaita wenzake. Mtu mmoja akasema, "Unga." Mwingine akasema, "Dawa ya nyanya hiyo." Kamera ikazunguka mkono kwa mkono na kila aliyeitazama aligeuka kumtazama Obura. Mwisho ilifika kwa tata. Tata aliishika muda mrefu, akaisogeza karibu na uso, akaisogeza mbali. Kisha akanirudishia. Nilitegemea angefoka. Badala yake aliagiza nyuki wote wafagiwe na wachomwe mara moja, kuku wasije wakala. Wakafagiwa, wakachomwa. Mimi nilikuwa nimeshaweka wachache kwenye kasha la kiberiti, nikitaka kupiga picha nzuri zaidi nikifika mjini. Hilo hakuna aliyeliona, hata tata.

Jioni nilikutumia ile picha. Ulinijibu, "Picha safi sana. Itoe kubwa, uipeleke wakiitisha kikao." Nilifurahi, kaka. Hujawahi kusifia picha yangu.

Kesho yake vijana waliingia shambani kwa Obura wakang'oa nyanya zote, zilizoiva na mbichi. Simoni akatangaza kwamba iritongo, baraza la wazee wetu, litakaa Jumamosi ya wiki iliyofuata kumsikiliza. Mpaka siku hiyo hakuna wa kumsalimia, hakuna wa kumuuzia hata chumvi. Nilisikia wazi wakisema akipatikana na kosa ahame, na kile kiwanja chake cha kando ya mto kigawanywe.

Nilirudi Nkende. Sheila alikuwa ameshapata habari kwa simu, macho yamevimba. Aliniomba aione picha. Nikamwambia kadi ya kamera iko nyumbani, na ilikuwa mfukoni mwangu. Ndivyo nilivyokuwa. Nilianza kumchunguza. Akitoka nje kuongea na simu, nilinyamaza nisikilize. Akigusa kompyuta, nilipata sababu ya kusimama nyuma yake. Niliogopa ataifuta ile picha ili amwokoe baba yake. Kumbe picha alishaipata kwenye simu, maana tangu nilipokutumia wewe ilishazunguka kwenye magrupu mpaka Itiryo na Sirari. Siku moja alinifuata nikiwa napanga fremu, akainua simu yake usoni kwangu akasema, "Dada Robi, huu si unga. Hii ni flashi. Tazama hata bawa lake ni jeupe, tazama hata ukingo wa mbao. Baba yangu aliinyunyizia dawa na mbao?"

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia mimi nimeanza kazi hii yeye akiwa shule ya msingi, na kwamba najua anamtetea nani. Alivua aproni ya studio, akaikunja vizuri juu ya kaunta, akaondoka.

Nilikaa na ile aproni. Halafu nikajiambia nitamwonyesha. Nitapiga picha safi ambayo hata yeye hataweza kuikataa, unga uonekane chembe kwa chembe. Nikafungua kasha la kiberiti.

Sasa vumilia kidogo nikueleze mambo ya kazi yangu, maana yote yako hapa. Ukimsogelea mdudu karibu hivyo, sehemu inayoonekana safi ni nyembamba kama karatasi. Jicho likiwa safi, mguu uko kwenye ukungu. Ukitaka mdudu mzima aonekane lazima ubane tundu la lenzi, na ukilibana mwanga unaoingia unakuwa kidogo, kwa hiyo unategemea flashi. Kule Nyambureti flashi niliiweka juu ya kamera, imemkabili nyuki usoni, nikaiacha ijipimie yenyewe. Na nyuki nilikuwa nimemlaza juu ya mfuniko uliokuwa mweusi kwa moshi wa miaka. Kamera haijui nyuki, haijui mfuniko. Ikiona weusi mwingi inadhani iko gizani, inaongeza mwanga. Weusi wa mbao ukabaki kuwa weusi, lakini vile vitu vidogo vilivyokuwa na rangi ya kung'aa vikaungua. Sisi wapiga picha ndivyo tunavyosema, picha imeungua. Kilichoungua hakina rangi tena, ni weupe tu.

Niliifungua ile picha ya kwanza kwenye kompyuta nikaiwekea alama ya kuonyesha sehemu zilizoungua. Miguu ikawakawaka. Bawa likawakawaka. Ukingo wa mbao nao, kama Sheila alivyosema.

Nikaanza upya. Flashi nikaishusha kutoka juu ya kamera, nikaiweka ubavuni kwa waya wake, nikaipangia nguvu mimi mwenyewe, ndogo. Nikakata dumu jeupe la mafuta ya kupikia, nikaliweka katikati ya flashi na nyuki, mwanga upite humo ulainike kama wa asubuhi yenye mawingu. Upande wa pili nikasimamisha karatasi ya fedha ya kufungia chakula, ili irudishe mwanga kidogo tumboni kwenye kivuli. Nyuki nikamlaza kwenye kadi ya kijivu. Picha za mwanzo zilikuwa giza, nikaongeza nguvu ya flashi kidogo kidogo, kila mara natazama kama kuna kinachowakawaka. Kamera nikaiegemeza kwenye mfuko wa mchele isicheze.

Ilipokaa sawa, kaka, hapakuwa na unga. Mabawa yalikuwa ngozi nyembamba yenye mishipa. Mgongo ulikuwa na manyoya ya kahawia. Ulimi ulikuwa umetoka nje, mrefu, kama wanavyokufa nyuki waliokunywa sumu. Na vile vibonge vya miguuni vilikuwa njano, njano nzito inayokaribia chungwa, chembe chembe zimeshikana. Ilikuwa chavua, ile poda ya maua ambayo nyuki huifungasha miguuni kupeleka nyumbani. Hii na ile ya kwanza ndizo picha mbili nilizokuwekea. Nyuki ni wa siku ile ile, wa mzinga ule ule. Kilichobadilika ni mwanga tu.

Swali likanijia pale pale, likanikosesha raha. Tata amefuga nyuki tangu hajaoa. Anaweza kutazama nyuki akitua akakwambia ametoka kwenye maua gani. Aliitazama picha yangu muda wote ule. Tena wale nyuki wenyewe walikuwa miguuni pake, na jicho la mtu linaona njano bila kuhitaji kamera. Wengine macho yao yalikuwa kwa Obura. Yeye je? Na kwa nini aliharakisha kuwachoma?

Sikumpigia simu. Nilikwenda. Ila sikwenda nyumbani kwanza, nilishukia shambani kwako, kule chini ya kilima, kwa sababu msimu huu Nyambureti yote hakuna mwingine mwenye alizeti zilizochanua. Nikukumbushe tu, ile ardhi kijiji kilikupa kwa sababu tata alisimama mkutanoni akasema mwanawe ataleta maua, asali itaongezeka, na hatapulizia dawa maua yakiwa wazi. Watu walipiga makofi kwa neno la tata, hawakulipigia neno lako.

Shamba lilikuwa zuri kwa macho. Lakini lilikuwa kimya. Shamba la alizeti asubuhi yenye jua halitakiwi kuwa kimya. Niliingia katikati ya mistari na kamera yangu na dumu langu, nikakuta nyuki wamekwama kwenye ua lenyewe, wamekufa wameshikilia, ulimi nje. Nilipiga picha za chavua ya lile ua kwa mwanga ule ule wa studio, nguvu ile ile ya flashi, nipate kulinganisha. Rangi ilikuwa moja.

Msimamizi wako Anold alitokea akiwa ameshika shoka ingawa hakuna mti wa kukata pale. Aliniuliza natafuta nini. Nikamwambia napiga wadudu, kama kawaida yangu. Akasema wadudu wapo wengi kule mtoni. Alisogea pembeni, akapiga simu, amenipa mgongo. Sikufika hata njia kuu, simu yangu ikaita. Ulikuwa wewe. Uliniuliza, kwa sauti ya upole kabisa, mbona sikukuambia kama naenda Nyambureti, na shambani nafuata nini. Nilikujibu kwamba nimepita tu kusalimia. Huo ulikuwa uongo wangu, na nilishangaa ulivyotoka kwa urahisi. Kisha ukasema nimsalimie tata.

Nyumbani nilimkuta tata anafuma kamba za kuning'inizia mizinga, mizinga ambayo haina kitu. Nikamwekea zile picha mbili kwenye mkeka. Hakuzishika. Alizitazama hapo hapo zilipo, akasema, "Zipeleke kwenye kikao." Nikamuuliza kama niseme pia chavua ni ya shamba la nani. Akasema, "La shamba usiseme. Hilo niachie mimi." Nilitaka kumuuliza zaidi lakini alishavuta kamba nyingine. Mama alikuwa mlangoni. Aliponiona namtazama alishusha macho.

Usiku huo sikulala vizuri. Nilidhani Anold alipuliza kwa ujinga wake na tata anamlinda kwa ajili ya jina lako. Nilidhani pia mambo mengine, nikayafukuza.

Jumamosi iritongo likakaa. Obura aliletwa akakaa peke yake kwenye gogo, na Sheila alisimama nyuma yake, hakunitazama. Niliomba nafasi. Nikawaambia wazee kwamba picha ya kwanza niliipiga vibaya, weusi wa mfuniko ulidanganya kamera, na ule weupe haukuwa unga. Nikawapa picha ya pili. Ilizunguka, ikafika kwa Simoni, akaitikisa hewani. "Hawa wa studio," akasema, "kwenye kompyuta hubadilisha hata ngozi ya bibi harusi. Aliyetupa nyeupe kwa mwanga mbaya atashindwa kutupa njano kwa ufundi? Tena huyu ameajiri binti wa Obura."

Watu wakaguna. Niliona wanaanza kuniangalia mimi kama walivyokuwa wanamwangalia Obura, na kaka, ni kitu kibaya sana kuangaliwa hivyo na watu waliokubeba mgongoni.

Nikatoa kasha la kiberiti. Nikawaambia ndani kuna nyuki wa siku ile, sikuwachoma. Simoni akanitazama, kisha akamtazama tata. Nikaomba mfuniko mweusi wa mzinga, ukaletwa. Nikamlaza nyuki juu yake, flashi juu ya kamera, nikapiga kama siku ile. Nikampa Simoni kamera mkononi, haijapita kwenye kompyuta yoyote. Weupe ulikuwepo. Kisha nikamwomba Sheila anishikie dumu. Ilibidi niseme jina lake mara mbili. Alikuja, akalishika katikati ya flashi na nyuki, mzee mmoja akashika karatasi ya fedha upande wa pili, nikapunguza mwanga, nikapiga tena. Nikampa Simoni. Aliitazama ile njano, akarudi kwenye ile nyeupe, akarudi tena. Halafu akainama akamtazama nyuki mwenyewe kwa macho yake, kitu ambacho hakuna aliyekuwa amekifanya tangu mwanzo.

"Hii ni chavua," akasema. Mzee mwingine akasema, "Ya alizeti."

Alizeti kila mtu anajua ziko wapi. Niliona vichwa vinageuka kimoja kimoja. Anold alikuwa nyuma ya watu, akatazama chini. Nilifungua mdomo. Kabla sijasema, tata alisimama. Alisimama kwa shida kwa sababu ya goti, akavua kofia, akasema, "Msitafute mbali. Ni mimi niliyemwambia Anold apulize. Mwanangu hayupo, shamba naliangalia mimi. Niliona wadudu nikaogopa mavuno. Nilijua tangu siku ya kwanza, nikanyamaza, nikamwacha Obura abebe."

Wazee wamemvua uenyekiti wa kikundi. Hatakaa na wazee kwenye iritongo mpaka mizinga ipate nyuki tena. Na nyanya za Obura atazipanda yeye kwa mikono yake, shamba lote. Ameshaanza. Nimemwona analima ameweka goti baya kwenye gunia. Siku ya kwanza Obura alisimama anamtazama, hakumsalimia. Siku ya pili alikuja na jembe lake, akaanza kulima upande mwingine. Hawaongei. Wanalima tu.

Sheila nilimwomba msamaha pale pale uwanjani. Amerudi studio, ila bado ananiita "bosi" wakati zamani aliniita dada. Nastahili.

Kaka, sasa nimefika nilipotaka kufika. Siku nilipokuwa naondoka, Obura alinisindikiza mpaka njiani. Aliniuliza swali moja tu, "Binti, baba yako hana hata bomba la kupulizia dawa. Tangu lini anaogopa wadudu yule? Nani alimwagiza Anold?" Nikarudi nyumbani, nikamfuata mama jikoni nikafunga mlango.

Mama alilia kwanza. Kisha akaniambia. Wewe unajua kwamba masikio ya tata yamechoka, na simu yake huongea kwa sauti kubwa, nyumba nzima inasikia. Alfajiri ya ile Jumatano uliyonipigia, ulianza kumpigia yeye. Mama alikuwa anawasha moto. Amenirudia maneno yako yote. Ulisema Anold amepuliza kama ulivyomwagiza, kwamba mchana maua yamefunguka ndipo dawa inaingia vizuri, na kwamba nyuki wameanza kuanguka. Tata alikuambia atakwenda kwa Simoni kusema. Ukamwambia kijiji kitachukua ardhi. Ukamwambia dawa ya Obura iko wazi juu ya nyanya, watu watasema wenyewe, yeye anyamaze tu. Ukasema, "Yule si wa hapa, tata, ataenda kwao." Na ukasema kwamba akihama, kile kiwanja cha mtoni kitakufaa kwa pampu ya maji. Mwisho ukasema Robi atakuja na kamera.

Kwa hiyo uliniita nikiwa sijui kitu, uniweke mbele ya watu na picha mkononi. Sijui kama ulijua mwanga utanidanganya. Nadhani hukujua. Nadhani ulitaka tu nyuki waliokufa waonekane wakubwa karibu na nyanya nyeupe, na picha yangu mbaya ikakupa zaidi ya ulichotaka. Hilo ndilo linaloniuma, kwamba ulipoiona ulijua si kweli na ukaniambia ni safi sana.

Tata amesema uongo mbele ya wazee. Miaka yote ya maisha yangu sijamsikia akisema uongo hata kwa mtoto. Amenikataza kukutaja, na nimemkubalia. Simoni hajui, kikundi hakijui. Tunaojua ni tata, mama, Anold, mimi na wewe. Obura anahisi, naye ameamua kulima.

Sitakwenda kwa Simoni. Sitawaambia watu wa kikundi. Nataka uje useme mwenyewe, umesimama pale aliposimama tata. Iritongo litakaa tena mwanzoni mwa mwezi wa sita. Ukija nitakusindikiza, nitasimama karibu yako, maana wewe ni kaka yangu na hilo halijabadilika. Usipokuja sijui nitafanya nini, na sipendi kutokujua.

Msalimie sana wifi Gloria, mwambie dawa ya kifua aimalize hata akijisikia amepona. Watoto wabusu. Sheila hajambo. Mama mdogo wa Itiryo anakusalimu, anauliza lini utapita. Tata naye anakusalimu sana, anasema kazi zako ni nyingi, usijisumbue na safari. Mama anasema panda basi.

Mdogo wako akupendaye,
Robi Nchagwa